Joseph Asherman: Daktari Aliyefuatilia Hedhi Iliyopotea

Mama, kama hedhi yako ilikata au ikawa matone tu baada ya kusafishwa kizazi, usikubali kuambiwa umerogwa au una mkosi. Huenda una makovu ndani ya mfuko wa uzazi. Tatizo hili huitwa ugonjwa wa Asherman, kwa jina la daktari aliyelichunguza kwa makini.

Asherman alikuwa nani?

Joseph Asherman alizaliwa mwaka 1889 huko Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1920 alihamia Palestina, akawa daktari wa wanawake mjini Tel Aviv. Hakuwa wa kwanza kuona tatizo hili. Heinrich Fritsch wa Ujerumani alilieleza mwaka 1894, lakini halikufuatiliwa sana.

Mwaka 1948 Asherman aliandika kuhusu wanawake 29 waliokosa hedhi baada ya kukwanguliwa kizazi, kwa sababu ya mimba kuharibika au baada ya kujifungua. Alionyesha kwamba njia ya kutokea kwenye mfuko wa uzazi inaweza kuzibwa na kovu, na ikifunguliwa kwa kifaa chembamba hedhi inaweza kurudi. Mwaka 1950 alieleza makovu ya ndani zaidi, yaliyoonekana kwa eksirei yenye dawa maalumu: kuta za mfuko zilikuwa zimeshikana. Alifariki mwaka 1968.

Makovu hutokeaje?

Utando wa ndani ya kizazi humomonyoka kila mwezi wakati wa hedhi, kisha huota upya kutoka tabaka la chini. Tabaka hilo likikwanguliwa sana, hasa kizazi kikiwa bado laini baada ya kuzaa, kuta mbili zenye vidonda huweza kugandana zinapopona. Kifua kikuu cha kizazi nacho huleta makovu.

Utando huo pia unaweza kuvimba kwa muda mrefu kutokana na maambukizi, kwa mfano mabaki ya kondo la nyuma yakibaki ndani. Dalili zake ni maumivu chini ya kitovu, matone ya damu katikati ya mwezi au uchafu usio wa kawaida. Wengine hawaoni dalili yoyote, ila mimba haishiki au inatoka.

Ufanye nini?

Usiogope kusafishwa ukiambiwa ni lazima. Mabaki yakiachwa, damu nyingi na maambukizi vinaweza kukuua. Uliza kama itatumika njia ya kufyonza, kwa sababu haiumizi utando kama kukwangua.

Baada ya kujifungua au mimba kuharibika, nenda kituoni siku hiyohiyo ukiwa na homa, damu nyingi au uchafu unaonuka. Hedhi isiporudi baada ya kusafishwa, pima mimba kwanza, na kumbuka kwamba kunyonyesha huchelewesha hedhi. Kama si hayo, mweleze mhudumu tarehe uliyosafishwa. Ukiwa huku Endagikot, anza kituo cha karibu, uombe rufaa ya kumwona daktari bingwa wa wanawake.

Uvimbe wa maambukizi hutibiwa kwa dawa za antibiotiki, nawe umalize dozi. Makovu hukatwa na bingwa kwa kifaa chenye kamera kinachopitia ukeni, bila kupasua tumbo. Wengi hupata hedhi tena, na baadhi hushika mimba. Mimba hiyo ianze kliniki mapema, kwa sababu kondo linaweza kung'ang'ania; panga kujifungulia hospitali.

Nawe mama mkwe, kabla ya kumlaumu mkamwana wako kwamba hazai, msindikize hospitali.