Jean Bosco Mwenda: Wimbo ulitangulia, mwenyewe akaitwa baadaye

Katika soko la Kaberebere, na zaidi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kiswahili cha Kongo husikika kila siku. Mwenye harusi au mwenye baa anayetaka mpiga gitaa huuliza maswali yaleyale: bei gani, nauli juu ya nani, na je, watu watakuja? Jean Bosco Mwenda, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, aliishi na maswali hayo maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Bunkeya haikuwa kijiji cha kawaida. Ndiyo iliyokuwa makao ya Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi aliyejenga ufalme kwa shaba na pembe za ndovu, hadi alipouawa mwaka 1891. Watu wake ndio Wayeke. Mwenda, basi, alitoka katika jamii iliyozaliwa na safari za biashara.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Mwenda alikuwa kijana mwenye gitaa kavu, bila bendi. Kidole gumba kilishika besi huku kidole kingine kikipiga nyuzi za juu, na msikilizaji alidhani wanapiga watu wawili. Wimbo wake wa Masanga ulitolewa kwenye santuri, na santuri hiyo ikavuka mipaka mingi ambayo mwenyewe alikuwa hajaivuka.

Hapo ndipo biashara ya kumwalika ilipoanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, ambako alipata kipindi cha redio na kazi ya kutangaza Aspro, dawa ya maumivu. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, naye alifanya kazi kama hiyo. Hesabu ya mwenye dawa ilikuwa nyepesi: jina ambalo watu wamelisikia kwenye santuri huwakusanya bila kupigiwa debe, na waliokusanyika ndio wateja. Kwa mwanamuziki, ilikuwa na maana kwamba malipo hayategemei viingilio vya mlangoni. Mvua ikinyesha na watu wasije, aliyemwalika ndiye anayebeba hasara.

Kukaa kwake Nairobi hakukuwa kwa muda mrefu, lakini kulitosha. Vijana wengi wa Kenya waliiga upigaji wake, na mtindo wa gitaa kavu ukashika vijijini na mijini.

Hata hivyo, Mwenda hakuweka mayai yote katika kapu moja. Alirudi Lubumbashi, akafanya kazi benki na katika kampuni ya madini ya Gécamines. Aliongoza bendi yake na kumiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Hapo alikuwa amehamia upande wa pili wa meza: si mwalikwa tu, bali mwenye bendi ya kupanga na ukumbi wa kujaza.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu. Bendi za gitaa za umeme kutoka Kinshasa zilikuwa zimetwaa kumbi za starehe, na mpigaji wa peke yake hakutafutwa tena kama zamani. Mialiko ilikuja kwa vipindi, mara nyingi kutoka mbali. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Katika miaka ya 1980 alifika Ulaya, na mwaka 1988 alirekodi tena Cape Town, Afrika Kusini. Kati ya mwaliko mmoja na mwingine ilipita miaka, na mshahara ndio uliolisha nyumba.

Alifariki kwa ajali ya gari Septemba 1990.

Anayevuka mpaka na mzigo anajua kwamba bidhaa ikishajulikana sokoni, bei hupandishwa na jina. Kwa Mwenda, jina lilipanda miaka mingi kabla ya kipato. Anayekodi mpiga gitaa leo kwa sherehe ya Mbarara au Nakivale, na mpigaji anayekodiwa, wana la kujifunza kwake: kiasi, nauli, malazi na siku ya kulipwa viandikwe kabla ya safari. Na kama onyesho litarekodiwa, ijulikane mapema ni nani atakayeuza rekodi hiyo na mpigaji atapata fungu gani.