Theodor Bilharz: Daktari wa Nile aliyekipa kichocho jina

JUBA. Maji ya Nile yanayopita Juba husafiri kaskazini hadi Cairo, mji ambako daktari kijana wa Kijerumani alimgundua mnyoo anayesumbua watu wa bonde la mto huu hadi leo. Kwa Kiswahili ugonjwa wake ni kichocho. Wasemaji wa Kiarabu huuita bilharsia, na jina hilo limetokana na daktari huyo, Theodor Bilharz.

Bilharz alizaliwa Machi 23, 1825, mjini Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani, na kusomea udaktari Tübingen. Mwaka 1850 mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, aliitwa kuongoza huduma za tiba nchini Misri, akaenda naye kama msaidizi.

Katika hospitali ya Kasr al-Aini, kukojoa damu kulikuwa jambo la kila siku. Bilharz alitaka kujua chanzo. Mwaka 1851, akichunguza maiti, alikuta minyoo midogo ndani ya mishipa ya damu, jike akiwa amelala katika mfereji wa mwili wa dume. Baadaye aliyaona mayai yake kwenye kibofu na kuyahusisha na damu ile. Habari hizo alimwandikia mwanasayansi Carl von Siebold, Ujerumani.

Griesinger alirejea kwao mwaka 1852, lakini Bilharz alibaki Cairo. Alifundisha anatomia, na mwaka 1857 alichapisha utafiti kuhusu samaki wa Nile anayetoa umeme mwilini. Mwaka 1862 alifuatana na msafara wa mtawala wa Kijerumani, Ernst, hadi Massawa, ambayo leo iko Eritrea. Alirudi akiwa na homa kali, akafariki Cairo Mei 9 akiwa na umri wa miaka 37.

Alikufa bila kujua mnyoo huyo huingiaje mwilini. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alionyesha, hukohuko Misri, kwamba konokono wa majini hubeba vimelea, navyo hupenya ngozi ya anayeingia majini.

Upande wa wanawake ulichelewa zaidi kutazamwa. Mwaka 1899 daktari Frank Madden wa Cairo alieleza kisa cha kichocho katika uke. Mayai yaleyale ya kibofuni hukwama pia ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, maumivu, kutokwa damu na hata ugumba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wana hali hiyo.

Wengi wao hutibiwa kama wenye magonjwa ya zinaa. Mke aliyeupata ugonjwa akichota maji au akifua mtoni hurudi nyumbani na tuhuma za uzinzi, na dawa aliyopewa haimponyi.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, ingawa makovu ya muda mrefu huweza kubaki, hivyo kuwahi ni muhimu. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, inashirikiana na nchi ambazo nazo zinaishi na kichocho, kuanzia Uganda hadi visiwa vya Zanzibar. Katika nchi zote hizo, mwanamke mwenye dalili hizo anastahili kuulizwa kwanza anachota maji wapi, kabla ya kuulizwa analala na nani.