Hugh Cairns, daktari aliyetetea kofia ngumu ya pikipiki

Kwa wengi wetu, kofia ngumu ya pikipiki ni kitu cha kumridhisha askari wa barabarani. Ukimwona tu, unaivaa, akipita, unaivua. Leo tunawasimulia maisha ya daktari aliyeonyesha kwa hesabu kwamba kofia hiyo inaokoa uhai.

Hugh Cairns alizaliwa mwaka 1896 huko Port Pirie, Australia. Alisomea udaktari Adelaide, akaendelea na masomo Oxford, Uingereza, kisha akaenda Boston, Marekani, kujifunza upasuaji wa ubongo kwa Harvey Cushing, bingwa mkubwa wa kazi hiyo wakati ule.

Mwezi Mei 1935 aliitwa kumwona majeruhi mmoja maarufu. Huyo alikuwa T. E. Lawrence, ofisa Mwingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Lawrence alikuwa kwenye pikipiki yake, kichwa wazi, akajaribu kuwakwepa vijana wawili wa baiskeli, akaanguka. Alilala bila fahamu siku 6, akafariki akiwa na umri wa miaka 46. Madaktari hawakuwa na la kufanya, kwa kuwa ubongo ulikuwa umeumia vibaya mno.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, jeshi lilitumia pikipiki nyingi kupeleka ujumbe, na usiku barabara zilikuwa giza tupu kwa kuogopa ndege za adui. Majeruhi wa kichwa walipelekwa Oxford, katika hospitali maalumu aliyoisimamia Cairns. Yeye hakuishia kuwatibu. Aliandika kila mmoja ameumia wapi, na kama alikuwa amevaa kofia.

Mwaka 1941 alichapisha matokeo. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani Uingereza, na kilichowaua zaidi ni majeraha ya kichwa. Miongoni mwa waliovaa kofia ngumu, alikuwa ameona majeruhi wa kichwa 7 tu, na wote walipona. Saba ni wachache, mtu angeweza kubisha. Lakini jeshi halikungoja: Novemba mwaka huohuo liliamuru wanajeshi wake wote wavae kofia wakiwa kazini kwenye pikipiki.

Cairns aliendelea kuhesabu. Alishirikiana na mtaalamu wa fizikia, Holbourn, aliyetengeneza mifano ya ubongo kwa jeli ili kuona unavyotikisika ndani ya fuvu kichwa kinapogongwa. Kofia nzuri hutawanya nguvu ya pigo upande wa nje, na tabaka la ndani hupunguza mshtuko kabla haujafika kwenye fuvu. Ndiyo maana kofia isiyofungwa kamba kidevuni haina kazi: huweza kutoka kabla kichwa hakijafika chini. Mwaka 1946 alichapisha hesabu za vita vyote, zikionyesha vifo vikishuka baada ya amri ile.

Cairns alifariki mwaka 1952, akiwa na miaka 56. Raia wa Uingereza waliendelea kupanda pikipiki kichwa wazi wakipenda, hadi sheria ilipowalazimisha kuvaa kofia mwaka 1973.