Bilal na zamu ya alfajiri

Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala moja la bidhaa hapa Mombasa. Nilikuwa peke yangu. Kazi yenyewe haikuwa nzito: kuzunguka na kurunzi, kutazama makufuli, na kila saa kutia sahihi yangu katika daftari lililofungwa kwa mnyororo mezani. Uzito wote ulikuwa katika daftari hilo. Saa moja ikipita bila ya sahihi, mshahara wa siku nzima ulikatwa. Ikitokea mara tatu, mtu alirudi kwao. Usiku mmoja nikakaa kitini nipumzishe miguu, nikaja kuzinduka jua limekwisha chomoza. Mkubwa wa kazi hakuniuliza neno. Alishika kalamu nyekundu akapiga mstari.

Asubuhi ile nikirudi nyumbani kichwa chini, nilimkuta mzee mmoja wa mtaani kwetu barazani, tasbihi mkononi. Nilimwamkia, akaniuliza yaliyonisibu, nami nikamweleza. Hakunilaumu wala hakunipa pole. Alinambia nikasome maisha ya Sayyidna Bilal, kisha nirudi tuzungumze. Tangu siku hiyo nimeyasoma mara nyingi, na leo, msomaji, napenda nikusimulie kama yanavyomwingia mtu aliyewahi kukesha peke yake.

Bilal bin Rabah (R.A.) alizaliwa Makka yapata mwaka wa 580. Mama yake, Hamama, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi, na Bilal naye alikulia utumwani kwa watu wa Bani Jumah. Bwana wake, Umayya bin Khalaf, alikuwa miongoni mwa wakubwa wa Makureshi. Bilal aliposilimu, katika siku za mwanzo kabisa za Uislamu, Umayya alimtoa mchana wa jua kali, akamlaza juu ya mchanga unaowaka na kumwekea jiwe zito kifuani, ili aikane dini. Bilal hakuikana. Alilokuwa akilikariri chini ya jiwe lile ni umoja wa Mwenyezi Mungu, basi. Sayyidna Abubakar (R.A.) akamnunua na kumwacha huru.

Mtume (S.A.W.) alihamia Madina mwaka wa 622. Mwanzoni watu walikuwa wakikisia tu wakati wa sala na kukusanyika. Palifanywa shauri: wako waliotaja baragumu, wako waliotaja kengele. Kisha Abdullah bin Zaid akaoteshwa maneno ya adhana, akaja kumwarifu Mtume. Mtume akamwamuru amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri zaidi na yenye kufika mbali. Hivyo ndivyo mtu aliyewahi kulazwa chini ya jiwe alivyopewa kazi ya kuuamsha mji.

Hebu tuitazame kazi hiyo kwa jicho la mfanyakazi. Nyakati ni tano kila siku, bila ya siku ya mapumziko. Mwaka wa Kiislamu wa siku 354 una nyakati 1,770. Saa ya kutazama haikuwapo, wala kalenda ya ukutani. Adhuhuri na alasiri zilijulikana kwa kivuli. Magharibi kwa kutua jua. Isha kwa kutoweka wekundu wa mbingu. Iliyo ngumu ni alfajiri. Kwanza hutokea mwanga mwembamba uliosimama wima, ambao ni alfajiri ya uongo. Kisha kiza hurudi. Baadaye ndipo huja weupe unaotandaa kwenye upeo wa macho, na huo ndio alfajiri ya kweli. Mwenye kuzichanganya hizo mbili huwaingiza watu katika sala kabla ya wakati wake.

Imepokewa kwamba karibu na msikiti wa Madina palikuwa na nyumba ya mwanamke wa Bani Najjar, iliyokuwa ndefu kuliko nyumba za jirani. Bilal alikuwa akija wakati wa daku, akipanda juu yake na kukaa akiingojea alfajiri. Akiiona alijinyosha, akamshukuru Mungu na kuwaombea Makureshi waongoke, kisha akaadhini. Waliomtesa walikuwa miongoni mwa Makureshi hao. Mimi niliyekaa usiku peke yangu najua jinsi fikira zinavyomzonga mtu saa hizo, na jinsi ghadhabu za zamani zinavyofufuka. Yeye saa hizo alizitumia kwa dua.

Wala hakuachwa abebe yote peke yake. Alikuwako mwenzake, Ibn Ummi Maktum, aliyekuwa kipofu. Bilal aliadhini usiku ungali usiku, ili aliyelala aamke na mwenye kutaka daku ale. Ibn Ummi Maktum naye aliadhini alfajiri ilipoingia, baada ya kuambiwa na watu kwamba kumepambazuka. Inasimuliwa pia kwamba yale maneno ya adhana ya alfajiri yanayoutaja ubora wa sala juu ya usingizi yalianza kwa Bilal, na Mtume akayakubali.

Sasa nafika kwenye kisa ambacho, nadhani, ndicho mzee wa barazani alichotaka nikisome. Mwaka wa 7 wa Hijra, yaani 628, Waislamu walikuwa wakirejea kutoka vita vya Khaibar. Walisafiri usiku hata usingizi ukawazidi, wakatua karibu na mwisho wa usiku. Mtume akampa Bilal zamu ya kuwaangalilia alfajiri. Wote wakalala, Bilal akabaki macho peke yake. Alisali kadiri alivyojaliwa. Alfajiri ilipokaribia aliegemea ngamia wake, uso akiuelekeza mashariki ili asiikose. Hapo ndipo usingizi ulipomchukua. Hakuamka yeye, wala Mtume, wala yeyote katika jeshi, mpaka lilipowapiga joto la jua.

Wa kwanza kuamka alikuwa Mtume. Alimwita Bilal. Bilal hakuzua kisingizio. Alieleza kwamba lililoichukua nafsi ya Mtume ndilo lililoichukua na yake. Mtume hakumkaripia. Aliamrisha wasogee kidogo kutoka mahali pale, wakatawadha, na Bilal huyo huyo akaamrishwa kukimu sala. Wakasali, kisha Mtume akawafundisha kwamba mwenye kuisahau sala na aisali anapoikumbuka. Kosa la usiku mmoja likageuka kuwa elimu kwa umma mzima.

Wala kazi yake hakunyang'anywa. Mwaka wa 8 wa Hijra (630), Makka ilipofunguliwa, aliyeamrishwa kupanda juu ya Al-Kaaba na kuadhini alikuwa Bilal, katika mji ule ule alioburutwa mchangani.

Mtume alipofariki mwaka wa 632, Bilal hakuweza tena kuadhini Madina. Aliomba ruhusa, akaenda Shamu. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Omar (R.A.) alipofika huko alimwomba aadhini, naye akaadhini, na waliokuwa wamemwona Mtume wakalia sana. Alifariki yapata mwaka wa 20 wa Hijra, na wengi husema kaburi lake liko Damascus, katika makaburi ya Babu Saghir.

Nilirudi barazani kwa yule mzee, nikamwambia nimesoma. Aliniuliza jambo moja tu: Bilal alipokuwa anazidiwa na usingizi, uso wake ulikuwa umeelekea wapi? Nikajibu, mashariki. Akatikisa kichwa, akaendelea na tasbihi yake.

Ghala lile niliacha kulifanyia kazi zamani, na mstari wa kalamu nyekundu sina haja nao tena. Lakini nikisikia adhana ya alfajiri hapa Mji wa Kale, humkumbuka kwanza yule anayeadhini, aliyeamka sote tukiwa tumelala. Na nikisikia kijana wa zamu ameteleza usiku mmoja, huuliza kwanza kama uso wake ulikuwa umeelekea mashariki.