RICHARD ROBERTS, FUNDI ALIYETAKA PIESI ZOTE ZIFANANE



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya waganga na ya watu waliovuka bahari. Mara hii sisi wa mwaka wa sita tunawaletea maisha ya fundi wa vyuma. Musishangae. Munajua wote mambo ya kinga. Pedali ya kinga ikivunjika, munaenda sokoni, munanunua pedali ingine, munaifunga, na safari inaendelea. Hakuna anayemtafuta mtu aliyetengeneza ile kinga ili amwombe pedali ya kuifaa hiyo moja tu. Piesi mpya inaingia pahali pa ile ya zamani, basi. Sisi tunaona ni jambo la kawaida. Lakini kulikuwa wakati ambapo halikuwa la kawaida hata kidogo, na mmoja wa watu waliolileta ni Richard Roberts.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 4, mwaka 1789, katika kijiji cha Llanymynech, kwenye mpaka wa Uingereza na Wales. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, tena alilinda kizuizi cha barabara ambapo wapita njia walilipa feza. Nyumba ile haikuwa na mali, na Richard hakusoma sana. Akiwa kijana alifanya kazi ya mashua katika mfereji, kisha kazi ya kuvunja mawe ya chokaa. Alipofika miaka karibu 20 akapata kazi katika kiwanda cha chuma cha Bradley, kwa bwana John Wilkinson. Pale alichonga vigezo vya mbao, maana yake ile mifano inayogandamizwa katika mchanga ili chuma cha moto kimiminwe ndani na kupata umbo. Tafazali mukumbuke neno hili kigezo, sababu tutalirudia.

Siku moja kura ya jeshi ikamwangukia. Yeye hakutaka kuwa askari, akakimbia. Akapita Liverpool, akapita Manchester, mwisho akafika London. Kule, tangu 1814 mpaka 1816, alifanya kazi kwa Henry Maudslay, fundi mkubwa kuliko wote wa wakati ule. Maudslay alikuwa mkali sana juu ya vipimo. Alikuwa na chombo cha kupimia kilichoonyesha makosa madogo kuliko unene wa unywele. Kwake Roberts akajifunza kwamba jicho la fundi linadanganya, hata kama ni fundi hodari, lakini kipimo hakidanganyi.

Mwaka 1816 akarudi Manchester, muji wa pamba, akaanza kazi yake mwenyewe. Hakuwa na mashini ya mvuke. Mashini yake ya kukereza chuma, ile mafundi wetu wanaita tour, aliiweka juu katika chumba cha kulala, na gurudumu kubwa la kuizungusha likawa chini kabisa ya nyumba. Aliyelizungusha ni mke wake. Basi tuseme kweli: kazi kubwa ya Roberts ilianza kwa nguvu za mikono ya mama huyu.

Mwaka 1817 akatengeneza mashini ya kupiga randa chuma, sawa vile seremala anavyopiga randa ubao mpaka unyooke. Mashini hiyo ipo mpaka leo katika nyumba ya makumbusho ya sayansi kule London. Ukiitazama vizuri utaona juu ya chuma chake alama za patasi na za tupa. Sababu gani? Sababu randa hiyo, moja ya zile za kwanza za chuma, ilitengenezwa bila msaada wa randa ingine ya chuma. Ilibidi anyooshe kila pahali kwa mikono, polepole, ili wale watakaokuja nyuma yake wasiteseke hivyo.

Sasa tuingie katika mambo ya uzi. Mwaka 1779 Samuel Crompton wa muji wa Bolton alikuwa ametengeneza mashini ya kusokota inayoitwa mule. Ina gari refu lenye magurudumu, na juu ya gari kuna vijiti vya kusokotea, mamia kwa mamia, vimesimama kwa mstari kama sisi asubuhi mbele ya bendera. Gari linatoka, linavuta pamba na kuisokota iwe uzi mwembamba. Kisha linarudi, na uzi unajizungusha juu ya vijiti. Kutoka ni kazi rahisi ya mashini. Kurudi ndiyo shida. Kitonge cha uzi kinakua kila mara, tena chini ni kinene na juu ni chembamba, kwa hiyo mwendo wa vijiti lazima ubadilike kila dakika. Ukizungusha mbio kupita kiasi, nyuzi zinakatika. Ukizungusha polepole, uzi unalegea na kujifunga ovyo. Ni msokotaji peke yake aliyejua kipimo hiki, kwa mkono wake juu ya gurudumu na goti lake likisukuma gari. Kwa hiyo wasokotaji walikuwa wafanyakazi wa mshahara mzuri, na walijua wazi kwamba pasipo wao kiwanda kinalala.

Karibu mwaka 1824 wasokotaji wakafanya mgomo. Wakubwa wa viwanda vya Ashton, Stalybridge na Hyde wakaja kwa Roberts kumwomba mashini inayojiendesha yenyewe, isiyohitaji mkono wa msokotaji. Mara ya kwanza alikataa, akisema yeye hajui mambo ya kusokota uzi. Wakarudi tena na tena mpaka akakubali. Mwaka 1825 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Lakini kazi haikuwa imekamilika, kwani kurudi kwa gari bado kulisumbua. Akahangaika nayo miaka mitano ingine. Mwaka 1830 akapata hati ya pili kwa ajili ya piesi moja yenye umbo la robo ya duara. Ndani ya mkono wake kuna visi ndefu, na juu ya visi kuna kipande kinachopanda kidogo kidogo kadiri kitonge cha uzi kinavyokua. Kipande kikipanda, mwendo wa vijiti unabadilika wenyewe. Kile ambacho mkono na goti la msokotaji vilijua kwa miaka mingi, sasa chuma kilikijua. Wafanyakazi wakaipa mashini ile jina la mtu wa chuma.

Wengi wanamsifu Roberts kwa ajili ya robo hiyo ya duara. Sisi tunaona kuna jambo lingine kubwa zaidi, ingawa halionekani. Mule moja ina vijiti mamia, magurudumu ya meno, visi na buloni, na kila siku kuna kitu kinachoharibika. Zamani kila piesi ilikwanguliwa kwa tupa mpaka iingie pahali pake, na iliingia pale tu. Ikivunjika, fundi aliitwa kutengeneza ingine kwa mkono, na mashini nzima ilisimama ikimngoja. Roberts akakataa desturi hii. Katika kiwanda chao cha Sharp, Roberts akaweka vigezo na vipimo vya chuma kwa kila piesi. Mfanyakazi hakuulizwa maoni ya jicho lake. Alichukua piesi, akaipeleka kwenye kipimo: ikiingia, inapita, isipoingia, inarudi. Hivyo gurudumu la mashini moja liliweza kutolewa na kuwekwa katika mashini ingine ya aina ileile, likafanya kazi sawasawa. Mwenye kiwanda mbali na Manchester aliweza kuagiza piesi, si fundi. Hii ndiyo sababu mashini zile zilienea mbio, na miaka michache baada ya 1830 vijiti vyake vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Baadaye kiwanda kilitumia njia hiyohiyo kutengeneza mashini za kuvuta treni.

Hata Ufaransa walimwita. Mwaka 1826 alifika Mulhouse kusaidia kampuni ya André Koechlin kupanga kiwanda cha kutengeneza mashini za nguo. Na mwaka 1847, wakati wa kujenga daraja la chuma la Conwy kule Wales, alitengeneza mashini ya kutoboa matundu ya riveti katika mabati mazito, yote kwa nafasi sawasawa.

Ndugu wasomaji, hapa tunafika kwenye neno lililotugawanya. Tulipoyazungumza maisha haya katika etude ya jioni, wenzetu wengine walisema Roberts alifanya vibaya. Watu waligoma kwa ajili ya mkate wao, na yeye akawapa matajiri fimbo ya kuwapigia. Wengine wakajibu kwamba fundi hana kosa: yeye alitengeneza mashini tu, si yeye aliyepunguza mishahara. Kengele ililia tukiwa bado tunabishana.

Sisi tunafikiri hivi. Ni kweli kwamba wasokotaji hawakuisha. Mashini ilihitaji mtu wa kuichunga, wale wanaume wakabaki, na mwaka 1870 wakafanya muungano wao mkubwa. Lakini ni kweli vilevile kwamba watoto wadogo waliendelea kuingia karibu na gari lile kuunga nyuzi zilizokatika. Mwaka 1833 sheria ya Uingereza ilikataza kuwatumia watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vya pamba, basi muone waliokuwa wakitumika mbele ya hapo. Na pamba ile iliyokimbia juu ya vijiti ilitoka wapi? Nyingi ilitoka Marekani, katika mashamba ya watumwa, mpaka utumwa ule ulipoisha mwaka 1865. Sisi Wakongo hatuwezi kusoma jambo hili na kupita. Tangu mwaka 1917 Wabelgiji waliwalimisha babu zetu pamba kwa lazima. Mashini za mbio zina njaa, na kuna mtu anayezilisha.

Kwa hiyo hatusemi Roberts alikuwa mtu mbaya, wala hatusemi hana neno la kujibu. Alipima kila piesi, lakini hakupima mashini nzima itamwangukia nani. Ni sisi tunaosoma leo tunaopaswa kupima yote mawili.

Mwisho wake unahuzunisha. Mwaka 1843 aliachana na wenzake wa Sharp. Yeye akabaki na kiwanda kimoja, wao wakachukua kingine. Hakuwa hodari wa biashara. Akili yake ilikimbilia uvumbuzi mpya kila mara, na hesabu za feza zilimshinda. Kiwanda chake kikafungwa. Mtu huyu aliyewapa wengine mali nyingi alikufa maskini kule London, tarehe 11 mwezi wa 3, mwaka 1864, akiwa na miaka 74. Alizikwa katika makaburi ya Kensal Green.

Ninyi wadogo zetu wa mwaka wa kwanza na wa pili, munaozarau kazi ya mikono na kusema kwamba ni ya wale walioshindwa mtihani, tunawaomba mufikiri tena. Mtoto huyu wa fundi wa viatu hakuwa na diploma, lakini shati munalovaa lina uzi uliopita katika mashini zilizozaliwa na kazi yake na ya wenzake. Mkipewa rula katika somo la jometri, musiseme milimita moja si kitu. Kwa Roberts hata sehemu ndogo ya milimita ilirudisha piesi nyuma.

Na ninyi wa mwaka wa sita mutakaokuwa mafundi na wahandisi, siku wakubwa watakapokuja mlangoni kuwaomba mashini, pimeni piesi zenu vizuri. Halafu ulizeni pia sababu gani wanaitaka, na nani atakosa chakula siku itakapoanza kuzunguka.