Padre Gregor Mendel na Siri ya Njegere

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua pamba ya Ukiriguru. Wataalamu wanaozalisha mbegu zake hufuata kanuni aliyoigundua mtawa Mwagustino, Padre Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka 1822, akapewa daraja ya upadre mwaka 1847. Mtihani wa ualimu aliujaribu mara mbili, asifaulu.

Katika bustani ya monasteri ya Brno, nchini Ucheki ya leo, aliyafungua maua machanga ya njegere, akaondoa sehemu za kiume, akayapaka chavua ya mmea mwingine. Mimea mirefu ikichavushwa na mifupi ilizaa mirefu mitupu. Kizazi kilichofuata, takriban mmoja kati ya minne ukawa mfupi. Tunastaajabia uvumilivu huo: miaka minane, mimea ipatayo 28,000!

Andiko lake la mwaka 1866 halikujaliwa. Alifariki akiwa abate mwaka 1884; wanasayansi walilitambua mwaka 1900.