Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeisaka saratani ya watoto kwa gari

Mlali, wilayani Mvomero mkoani Morogoro, joto na mbu ni sehemu ya maisha. Lakini panda gari la kwenda Mgeta, lianze kukwea milima ya Uluguru, na baada ya muda utatafuta sweta.

Tofauti hiyo ya juu na chini wenyeji wanaiona ya kawaida tu. Kumbe ndiyo iliyompa daktari mmoja fununu kuhusu saratani iliyokuwa ikiua watoto Afrika Mashariki. Jina lake Denis Burkitt.

Alipoteza jicho akiwa mtoto

Alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11, jiwe lilivunja miwani yake na jicho moja likapotea. Chuo alianza na uhandisi, akaacha, akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1935.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi, akafika hadi Kenya na Somalia. Vita vilipoisha alirudi Afrika: mwaka 1946 akapangiwa Lira, Uganda, na baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Taya mbili, hospitali mbili

Mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini Mulago amwone mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa ni kitu gani. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule.

Hapo akili ikamcheza. Alifukua mafaili ya wagonjwa na kugundua kwamba uvimbe wa taya, figo, ini na ovari, uliokuwa ukiandikwa kama magonjwa tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha matokeo yake. Leo dunia inaiita limfoma ya Burkitt.

Kilomita 16,000 barabarani

Swali likabaki: mbona sehemu nyingine upo na nyingine haupo? Alituma dodoso hospitali za Afrika nzima. Kisha Oktoba 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari la Ford lililokwishatumika na kuelekea kusini.

Kwa wiki 10 walizunguka takriban kilomita 16,000, wakapita hospitali zaidi ya 50, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza swali lilelile. Jibu lilijirudia: ugonjwa uko kwenye joto na mvua, lakini ukipanda nyanda za juu zenye baridi, haupo. Yaani ulifuata mipaka ya mbu.

Baadaye ikafahamika kuwa malaria ya mara kwa mara kwa mtoto ni sehemu ya chanzo, ikishirikiana na kirusi. Kirusi chenyewe kiligunduliwa London mwaka 1964 na Anthony Epstein na wenzake, baada ya Epstein kumsikia Burkitt akitoa mhadhara mwaka 1961 na kuomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mpasuaji aliyeweka kisu chini

Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, lakini alikubali mapema kwamba kisu hakisaidii. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili tu, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Akajaribu dawa.

Taya zilizofura zilinywea ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto walipona moja kwa moja, wengine kwa dozi chache tu. Lakini wapo ambao uvimbe ulirudi, wakafariki.

Kwa nini saratani hurudi baada ya kuonekana imekwisha? Burkitt alifariki Machi 23, 1993 nchini Uingereza. Mwaka mmoja baadaye, timu ya John Dick nchini Canada ilionyesha kuwa katika aina moja ya saratani ya damu, ni seli chache tu zenye uwezo wa kuanzisha ugonjwa upya. Ndizo zinazoitwa seli shina za saratani.

Mkulima wa Mlali anaijua hali hiyo kwenye ndago. Ukikwatua majani ukaacha kiazi chake ardhini, shamba linaonekana safi, lakini wiki ijayo yamerudi.

Dawa nyingi za saratani huwinda seli zinazogawanyika. Kwenye uvimbe wa Burkitt karibu seli zote zinagawanyika, ndiyo maana unayeyuka haraka. Kwenye saratani nyingine, seli shina zinaweza kulala tu, dawa ikapita, kisha zikaamka. Ndiyo maana watafiti sasa wanasaka dawa za kuzifikia hizo zilizolala.

Kilichobaki kwa mzazi

Ugonjwa bado upo, hasa maeneo ya joto yenye malaria, na hushika zaidi watoto wadogo. Taya likivimba au meno yakilegea bila sababu, usiishie kung'oa jino. Mwahishe mtoto hospitali ili apewe rufaa kwenda kwa wataalamu wa saratani za watoto, kama walioko Muhimbili.

Ugonjwa huu unapona. Ila unakwenda mbio, na mzazi naye lazima akimbie.